Gari la Deraya la Kuhimili Mabomu ya Ardhini Linaposumbua: Dalili, Vyanzo na Pa Kuanzia

Fundi wa malori akikabidhiwa gari la deraya, yaani lenye bodi ya chuma cha kukinga risasi na milipuko, la kubebea askari kwa mara ya kwanza, hukuta vitu anavyovijua: injini ya dizeli, giaboksi, difu, breki za upepo, umeme wa volti 24. Na kweli, sehemu kubwa ya gari hili ni lori. Casspir ya Afrika Kusini, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupewa jina lililotokana na herufi za SAP, yaani polisi, na CSIR, taasisi ya utafiti, iliundwa kwa vipuri vya lori kwa makusudi. Magurudumu na ekseli zake ziko nje ya bodi, ili bomu likinyofoa gurudumu, jingine lifungwe na gari lirudi kazini.

Lakini kuna mambo mawili yanayolitenga na lori: uzito, na bodi iliyozibwa pande zote. Casspir ina takriban tani 11. Cougar ya magurudumu sita, iliyomo katika kundi la magari ambayo Marekani iliyanunua kwa maelfu kuanzia mwaka 2007 kwa ajili ya Irak na Afghanistan, hupita tani 20 ikijaa. Chuma hicho chote hakipumziki. Kinakandamiza springi hata gari likiwa limeegeshwa, kinafungia joto, na kinaficha hitilafu ambazo kwenye lori ungeziona kwa kuinama tu.

Kwa hiyo kabla sijashika spana, humuuliza dereva maswali matatu. Limebeba nini leo ambacho halikubeba zamani? Kuna kitu kimeongezwa, kutobolewa au kuchomelewa? Limepita wapi tangu siku ya mwisho lilipokuwa zima? Mara nyingi nusu ya jibu hupatikana hapo.

Na tahadhari moja kabla hujaingia chini. Tumbo la gari hili lina umbo la herufi V, maana nguvu ya mlipuko inapaswa kutawanywa pembeni badala ya kupigwa uso kwa uso. Umbo hilo hilo halina mahali bapa pa kuweka jeki. Jeki ikiwekwa kwenye mteremko wa bamba itateleza, na hakuna atakayetoka mzima. Inua kwenye ekseli au kwenye sehemu zilizotajwa katika kitabu cha gari, zuia magurudumu kwa vigingi, kisha weka stendi zinazolingana na uzito huo. Stendi ya pikapu si stendi hapa.

Joto la injini linapanda

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Dereva anasema, "Linachemka mlimani," fundi anabadilisha themostati, gari linarudi kesho yake likichemka vilevile.

Anza kwa kuuliza linachemka lini. Likichemka kwenye mwendo mdogo na likapoa linapokimbia, tatizo liko kwenye feni: mkanda umelegea, au klachi ya feni haishiki. Feni nyingi za magari haya huamrishwa na joto au na upepo wa breki, na ile inayotegemea upepo inaweza kugoma kwa sababu ya kipaipu kilichotoboka mbali kabisa na injini. Likipoa kwenye mwendo mdogo lakini likachemka linapokimbia au kupanda likiwa na mzigo, fikiria maji hayapiti vya kutosha: rejeta imeziba kwa ndani, hozi ya kunyonya inajibana injini inapozunguka kwa kasi, au pampu imechoka.

Ila chanzo kinachowapita wengi ni uchafu usioonekana. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi, kuna intakula (kipoza hewa ya turbo), mara nyingine kuna na kipoza mafuta ya giaboksi, zote zimepangwa kama kurasa za kitabu, kisha mbele yake kuna grili ya deraya yenye mabamba ya kukinga risasi. Ukichungulia kupitia grili unaona kondensa safi, unasema rejeta ni safi. Vumbi, nyasi na oili vimekaa katikati ya kurasa. Legeza mabano, zitenganishe hata kwa upana wa kiganja, mulika kwa tochi kutoka upande wa pili. Mwanga usipopita, umempata mchawi wako. Safisha kwa kusukuma kutoka ndani kwenda nje, yaani kinyume na njia ambayo uchafu uliingilia, na kwa presha ndogo, kwa kuwa mapezi ya alumini hulala haraka na yakilala hewa haipiti tena.

Kabla ya kufungua injini, pima na vitu viwili vya bei ndogo. Kwanza, kifuniko cha rejeta. Kifuniko kinachoshikilia presha ya takriban bar 1 hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji hadi karibu nyuzi 120. Kikichoka, maji yale yale yatachemka kwenye nyuzi 100 na gari litaonekana lina ugonjwa mkubwa. Usikifungue injini ikiwa ya moto. Pili, kipooza chenyewe, yaani maji yanayozunguka kwenye rejeta. Maji matupu ya kisimani huacha magadi ndani ya mirija, na magadi ni blanketi.

Mapovu yasiyokoma kwenye tangi la akiba injini ikiwa inanguruma ni habari nyingine: gasketi ya silinda hedi inavujisha moto wa silinda kuingia kwenye maji. Hapo usilisafirishe tena gari. Na ikiwa geji ya injini iko sawa ila ya mafuta ya giaboksi inapanda, tazama jinsi dereva anavyopanda mlima. Gia ya juu kwa mwendo mdogo hufanya toki konveta, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, iteleze na kugeuza dizeli kuwa joto. Shusha gia, acha injini izunguke. Ritada, yaani breki ya ziada ya giaboksi, ikitumika mfululizo kwenye mteremko mrefu nayo hupasha mafuta hayo hayo.

Upepo haujai, au gari linakataa kuondoka

Injini inawaka, gia imeingia, gari halisogei. Kabla hujalaumu giaboksi, tazama geji ya upepo. Breki ya kuegesha kwenye mfumo huu hufungwa na springi na hufunguliwa na upepo. Upepo ukiwa mdogo, springi haziachii. Kwa kawaida kengele ya onyo hulia presha inapokaribia psi 60 (paundi 60 kwa inchi ya mraba), na springi huanza kujifunga zenyewe presha ikishuka hadi kati ya psi 45 na 20. Hiyo si hitilafu. Ndivyo gari lilivyoundwa likulinde.

Kompresa nzima inapaswa kujaza hadi karibu psi 120 kisha gavana, valvu inayodhibiti presha, iikatie kazi. Ikifika huko na kushuka haraka baada ya kuzima injini, kuna uvujaji. Kipimo cha malori kinafaa hapa pia: injini imezimwa, breki imeachiwa, presha isipungue zaidi ya psi 2 kwa dakika, pedali ikiwa imekanyagwa, isizidi 3. Ikizidi, chukua maji ya sabuni.

Hapa ndipo mazoea ya lori hukupoteza. Fundi anapaka sabuni kwenye busta za breki (vyumba vya upepo vinavyosukuma breki), kwenye valvu, kwenye mipira yote ya chini, hakuna povu. Kumbe upepo kwenye gari hili una wateja wengi: silinda za kusaidia kufungua milango, mfumo wa kujaza tairi ukiwa barabarani, klachi ya feni, wakati mwingine hata viti vya mbele. Uvujaji wa mlango wa nyuma unaweza kumaliza upepo usiku kucha na asubuhi ukaambiwa breki ni mbovu. Funga valvu za matawi hayo moja baada ya jingine na upime upya kila mara. Tawi ambalo likifungwa presha inatulia, ndilo.

Mwaga maji kwenye matangi kila siku. Yakitoka maji safi kidogo, sawa. Yakitoka mengi, draya, kikaushio cha upepo, imekufa. Yakitoka na oili nyeusi, ringi za kompresa zimelika, na oili hiyo tayari inasafiri kwenda kulainisha na kuvimbisha raba za valvu zako zote.

Breki zinavuta upande au zinapotea mteremkoni

Kuvuta upande: pima ngoma zote za breki mara baada ya kusimama, kwa kipima joto, si kwa mkono. Ngoma baridi haifanyi kazi; ngoma yenye joto kupita wenzake inabeba kazi ya wengine au imekwama. Sababu zake ni za lori la kawaida: busta iliyopasuka, marekebisho yasiyolingana, grisi ya hab (kitovu cha gurudumu) iliyomwagikia viatu vya breki.

Kupotea mteremkoni ni suala la uzito. Joto la breki linatokana na tani unazozishusha na urefu unaozishusha, na gari lililoongezewa mabamba baada ya kutoka kiwandani halikuongezewa breki. Sijawahi kukubali jibu la "badilisha viatu" kabla gari halijapimwa kwenye mizani, ekseli moja moja.

Betri zinakufa kila asubuhi

Redio, vifaa vya kuzuia mawimbi ya redio yanayolipua mabomu, taa, kamera, kompyuta: vyote hukaa vikila umeme injini ikiwa imezimwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama betri ni mbovu au zinanyonywa tu. Zipime zikiwa zimepumzika saa kadhaa. Jozi iliyojaa husoma karibu volti 25.4. Ikisoma 24.4, imebaki takriban nusu. Injini ikinguruma, mita ionyeshe kati ya 27.5 na 28.5, chini ya hapo tazama mkanda wa alteneta na nyaya zake kabla ya alteneta yenyewe.

Kisha pima kila betri peke yake. Ukikuta moja ina 12.7 na mwenzake 11.9, tafuta waya mwembamba uliounganishwa kwenye betri moja tu. Kuna mtu alihitaji volti 12 za kuchajia simu au kuwashia feni ndogo, akazichukua katikati ya jozi. Alteneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Haijui kwamba moja inanyonywa. Ile inayonyonywa hushinda na njaa, na ile nyingine hujazwa kupita kiasi hadi ichemke. Ukinunua betri mpya bila kuung'oa waya huo, miezi michache utanunua tena. Anayehitaji volti 12 afungiwe kibadilishi cha volti kinachokula kutoka kwenye 24 nzima.

Stata ikigeuka kwa uvivu ilhali betri zimejaa, weka mita kati ya bodi na kichwa hasi cha betri wakati mwenzako anapiga stata. Usomaji wa karibu volti 1 au zaidi ni ethi mbaya, yaani muunganiko wa betri na bodi haushiki vizuri. Mara nyingi utakuta lagi, kichwa cha kufungia waya, imefungwa juu ya rangi: gari lilipakwa rangi upya, mpakaji akapita na mahali pa ethi pia. Kwangua hadi chuma kiwe cheupe, funga, paka grisi juu. Kukwangua rangi hakudhuru deraya. Kutoboa tundu jipya la boliti kunadhuru.

Usukani unayumba, gari limeinama

Gari lililoinama upande mmoja likiwa limeegeshwa penye usawa, toa mzigo kwanza. Masanduku ya risasi na madumu ya maji hupangwa mahali palipo rahisi kufikika, na palipo rahisi ni upande mmoja ule ule kila siku. Likibaki limeinama, kagua majani ya springi. Ufa mpya hung'aa, wa zamani una mstari wa kutu. Kaza yuboliti zinazofunga springi kwenye ekseli na angalia senta boliti, ile inayoshika majani katikati. Ikikatika, ekseli hujisogeza nyuma kidogo na gari hutembea upande kama kaa.

Kuyumba kwenye mwendo huanzia kwenye presha ya tairi, kisha tairodi endi, kingpini, beringi za magurudumu. Mtikisiko unaokuja kwenye kasi fulani na kutoweka, hata baada ya tairi kupimwa na kusawazishwa, unaweza kuwa unatoka ndani ya tairi: ile pete ngumu ya kuliwezesha gari kuendelea baada ya tairi kutobolewa imelegea au imevunjika. Hutaiona mpaka ulivue tairi. Na tairi lililowahi kuendeshwa bila upepo lisirudishwe kazini kwa sababu tu kwa nje linapendeza; kuta zake zimeungua kwa ndani.

Nasema hili kwa msisitizo: rimu za magari haya nyingi ni za vipande vilivyofungwa kwa boliti au kwa ringi. Toa upepo wote, hadi uchomoe moyo wa valvu, kabla hujalegeza nati yoyote ya kushikilia vipande. Jaza ukiwa umeliweka tairi ndani ya kizimba cha chuma, nawe ukiwa umesimama pembeni. Rimu ikifyatuka huua.

Halafu kuna kuyumba ambako si ubovu. Tumbo la V hulazimisha sakafu ikae juu, na sakafu ikikaa juu kila kitu kinakaa juu. Magari ya kundi hili yamepinduka mara nyingi kwenye kingo za barabara zilizobomoka chini ya uzito wao, na baadhi ya askari walizama kwenye mifereji wakiwa wamefungwa ndani. Ndiyo moja ya sababu Marekani iliagiza M-ATV mwaka 2009, gari jepesi zaidi lenye springi inayojitegemea kwa kila gurudumu, kwa ajili ya barabara za Afghanistan. Dereva akikuambia gari "linaogelea" kwenye kona, panda juu ya paa uone kilichofungwa huko kabla ya kuilaumu shokamzoba.

Moshi na ukosefu wa nguvu

Moshi mweusi: hewa haitoshi, anza na chujio la hewa na hozi za turbo. Chujio lisigongwegongwe chini. Karatasi yake hupasuka na vumbi huingia kwenye silinda. Mweupe ambao haukomi injini ikishapata moto: maji kwenye silinda au nozeli mbovu. Wa bluu: oili inaungua. Kukosa nguvu bila moshi wowote, angalia chujio la dizeli na maji chini yake.

Milango na vioo

Mlango mmoja wa deraya unaweza kuwa na uzito wa kilo mia kadhaa, kwa hiyo mlango mgumu ni hatari, si kero. Ukigoma gari likiwa kwenye mteremko na ukakubali likiwa penye usawa, bawaba zinahitaji grisi au pini zimelika. Ukigoma hata penye usawa, na hasa kama ulikuwa ukifunguka vizuri kabla ya gari kugonga kitu au kupigwa, shuku kwamba fremu ya mlango imepinda. Usiusage kwa grainda ili upite. Vifuniko vya paa vya kutokea dharura vifunguliwe na kufungwa kila wiki, na aliyevaa fulana ya kukinga risasi na kofia, maana ndiye atakayepitia hapo gari likiwa limelala ubavu.

Kioo cha deraya ni tabaka za vioo na plastiki zilizogundishwa. Mapovu na ukungu mweupe unaoanzia pembeni ni tabaka zinazoachana: jua, unyevu kwenye kingo, au mlango unaobamizwa. Hautibiki, kioo hubadilishwa. Ukungu ulio upande wa ndani pekee, wenye mikwaruzo ya duara, mara nyingi umeletwa na mtu aliyefuta plastiki ya ndani kwa petroli au dawa yenye amonia. Maji, sabuni laini na kitambaa laini, basi.

Sakafu inayogonga

Kwenye magari mengi haya askari hawaweki miguu juu ya bamba la tumbo. Kuna sakafu ya pili iliyoachwa na nafasi chini yake, na viti vimening'inizwa ukutani au darini. Sakafu ikigonga, fundi hushawishika kujaza nafasi hiyo kwa mbao au raba ili inyamaze. Nafasi hiyo ndiyo inayookoa vifundo vya miguu bamba la chini linapobonyea ndani. Itoe kila kitu kilichosukumwa humo: minyororo, kamba, chupa. Kaza vishikizo vyake, badilisha bushi, na uiache tupu.

Baada ya mlipuko, gari "likiwa zima"

Hili linahitaji ukali. Gari limepita juu ya bomu dogo au bomu limelipuka pembeni, injini inawaka, tairi moja tu limechanika. Kamanda anataka lirudi barabarani leo.

Osha tumbo lote, kisha fuata kila mstari wa weldi kwa tochi na rangi ya kupenya inayoonyesha nyufa. Pima ncha za tumbo pande zote mbili kwa kamba. Upande uliobonyea hautasukuma tena mlipuko pembeni. Angalia kila kiti: mikono ya kunyonya mshtuko iliyojivuta au kujikunja hutumika mara moja, kiti kinabadilishwa hata kama kinakalika. Mikanda iliyombeba mtu kwenye mlipuko nayo hutolewa. Boliti za ekseli, za giaboksi na za injini zipimwe moja moja kwa spana ya kupimia nguvu.

Ukikuta ufa kwenye deraya, usichukue mashine ya kuchomelea. Chuma hiki kimepata ugumu wake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani, na aina nyingi huanza kuupoteza zikipashwa moto kupita takriban nyuzi 200. Weldi ya gereji hupita joto hilo mara nyingi, kwa hiyo pembeni ya ufa ulioziba inabaki ukanda laini usioonekana kwa macho wala kwa rangi. Ukarabati wa bodi hufanywa kwa utaratibu wa mtengenezaji, kwa waya na joto alilolitaja, na mtu mwenye kibali chake. Mpaka hapo, andika kwenye daftari la gari kwamba haliruhusiwi kubeba watu, weka saini yako, na uchukue ufunguo.